Siku sita na daftari la michango: kutoka Kariakoo hadi Dodoma

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Kariakoo

Saa moja na nusu asubuhi nimesimama Mnazi Mmoja, daftari kwapani, nahesabu vichwa. Walioahidi kuja: 26. Waliofika: 11. Waliotuma ujumbe kwamba wako njiani: 9, na wawili kati yao nawajua vizuri, wakisema wako njiani ujue wanatafuta soksi.

Chama chetu ni kidogo, cha wapangamiji wa kanda: Dar es Salaam, Pwani na Morogoro. Mwaka mzima kazi zake ni kudaiana ada, kuchangiana misiba na harusi, kubishana kwenye kundi la WhatsApp kuhusu upana wa barabara, na kufanya safari moja ya mafunzo mwezi wa 11. Safari hupangwa iangukie tarehe 8, Siku ya Mipangomiji Duniani, ambayo ilianzishwa mwaka 1949 na profesa mmoja wa Buenos Aires, Carlos Maria della Paolera. Mimi ni mhazini msaidizi. Cheo hicho maana yake ni kubeba bahasha ya hela na kulaumiwa chakula kikichelewa.

Wakati tunawasubiri wa soksi, mzee wetu aliwauliza vijana swali. Yeye ni mstaafu, alisoma Ardhi miaka ya sabini wakati bado ni chuo kidogo pale Survey, na hakosi safari hata moja.

"Kwa nini hapa hapajajengwa?"

Mmoja akasema ni eneo la wazi kwa mujibu wa mpango. Mpango upi? Kimya. Ndipo mzee akaeleza jinsi wakoloni walivyoukata mji mafungu matatu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati kwenye maduka, Uswahilini huku Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Uswahilini, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. "Uwanja wa kuogopana huu," alisema, akipapasa benchi. "Wao waliogopana, nyinyi mmepata pa kupunga upepo."

Tuliingia Kariakoo kwa miguu. Jina lenyewe linatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, na ndani ya mistari hiyo zilikuwa nyumba za Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, baraza mbele. Tulitafuta moja iliyosalia. Tuliipata imebanwa na ghorofa kila upande, bati limeshika kutu, barazani bibi anauza kashata. Mzee aliomba ruhusa akapima korido kwa hatua zake. Bibi akamuuliza kama anataka kununua. "Hapana mama, naangalia tu." "Wote huanza hivyo," bibi akasema, akatuuzia kashata za shilingi 5,000. Nikaandika.

Soko kuu lilikuwa bado halijafunguliwa tangu moto wa Julai 2021. Hata kwa nje, paa lake linamsimamisha mtu: vikombe vikubwa vya zege vimekaa juu ya nguzo kama uyoga uliogeuzwa, kazi ya Beda Amuli, msanifu majengo mzalendo, soko lililofunguliwa mwaka 1975. Vikombe vile vilikusudiwa kukinga maji ya mvua. Vijana walipiga picha hadi mgambo akaja kuuliza sisi ni nani. Mwenyekiti akatoa kitambulisho. Mgambo akakisoma kwa makini, kisha akauliza kama tunaweza kumsaidia kiwanja chake cha Chanika.

Mjadala wa mchana, juu ya wali samaki, ulikuwa ni maghorofa. Mitaa hii ilipimwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye watu ishirini na choo cha shimo. Sasa kiwanja kilekile kina ghorofa kumi, maduka mia na stoo chini ya ardhi. Maji taka yapite wapi, zimamoto ligeukie wapi? Tulibishana kwa raha, kama watu walioshiba.

Nasafisha daftari hili wiki kadhaa baadaye, na siwezi kuupita ukurasa huu kimya. Tarehe 16 Novemba, Jumamosi asubuhi, siku nane baada ya Siku ya Mipangomiji, ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Kundi letu la WhatsApp, ambalo halijui kunyamaza, lilinyamaza mpaka jioni.

Jumanne, 5 Novemba. Hananasif

Tulipanda mwendokasi. Kuvuka Jangwani na wapangamiji 22 ndani ya basi moja ni kama kupita msibani na waganga: kila mtu ana maelezo ya marehemu. Bonde la Msimbazi liko wazi pande zote mbili. Mafuriko ya Desemba 2011 ndiyo yaliyowahamisha wengi kwenda Mabwepande, wengine wakarudi, bomoabomoa nyingine ikaja, na sasa fidia za mradi wa bonde zimelipwa na nyumba nyingi zimebaki vifusi na milango isiyo na kuta. Karakana ya mabasi hayahaya imejengwa humo humo bondeni na imeshafurika zaidi ya mara moja. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Nani alipitisha hii?" Basi lote likageuka kututazama. Mwenyekiti akaangalia dirishani.

Tukashuka Mkwajuni, tukaingia Hananasif kwa miguu.

Mtaa huu kila aliyesoma mipangomiji nchini amejibu mtihani juu yake. Ulijengwa holela kwenye mteremko wa kuelekea bondeni, na miaka ya tisini mwanzoni, badala ya kubomolewa, ukaboreshwa watu wakiwa humohumo. Fedha na utaalamu vilitoka kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa UNDP na ILO, kwa Ford Foundation, serikalini na kwa walimu wa Ardhi, lakini mkataba wa kazi walipewa wakazi kupitia chama chao. Hakuna katapila. Mitaro ya maji ya mvua ilichimbwa kwa sururu na koleo, na waliochimba ni wenye nyumba na wapangaji wao.

Mwenyekiti wa mtaa tuliyeahidiana naye hatukumwona. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 na kila mwenye kiti au anayekitaka alikuwa mbioni. Tukapokelewa na mama mmoja wa makamo, kanga mbili, miwani imefungwa uzi, ambaye hakuwa kwenye ratiba yetu hata kidogo. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, akauliza: "Nyinyi ndio mnaochora?"

Tukakubali.

"Basi njooni muone kilichochorwa."

Alitupeleka kwenye mtaro nyuma ya nyumba yake. Upana wake ni kama hatua moja ya mtu mzima, kuta za mawe na saruji, juu kuna mifuniko ya zege yenye masikio mawili ya nondo. Akachukua kipande cha bomba kilichoegemezwa ukutani, akakipitisha kwenye sikio, akaunyanyua mfuniko pembeni kwa pumzi moja. Chini maji yanatembea, meusi lakini yanatembea. Akatoa chupa mbili za plastiki na ndala moja kwa fimbo yenye ndoano, akazitupa kwenye kiroba, akafunika. Hakutuambia kitu wakati wote huo. Alikuwa anafanya kazi yake ya Jumanne.

Kisha akasema: "Hapa nilichimba mimi. Huyu mwanangu wa kwanza alikuwa mgongoni. Tulipangiwa kipande, kila kundi na kipande chake, na msimamizi akija na futi akikuta hujafikisha kina, hulipwi."

Mzee wetu akauliza walifundishwa na nani kupima mteremko. Akacheka. "Walikuja na mashine ya miguu mitatu. Lakini sisi maji tulikuwa tunayajua yanakotoka. Yalikuwa yanalala na sisi."

Tulikaa kwake zaidi ya saa mbili, jambo ambalo liliharibu ratiba yote na mimi sijutii. Alituletea chai ya rangi na chapati, nikamwekea hela chini ya sahani kwa sababu mkononi asingepokea. Katika chai hiyo akatuambia jambo ambalo kwenye mtihani halikuwemo. Mitaro ilipokwisha na barabara ikapitika, kodi za vyumba zikapanda. Shoga yake waliyechimba naye kipande kimoja alikuwa mpangaji. Miaka miwili baada ya kazi akahamia Mbagala, maana chumba kilimshinda. "Alichimba mtaro, mtaro ukamtoa," alisema, akamimina chai.

Mwenzetu mmoja, msomi wa shahada ya pili, akaanza kueleza kwamba hilo linaitwa nini na linatokea duniani kote. Mama akamsikiliza kwa heshima hadi mwisho. Kisha akamuuliza, "Umeoa?"

Tunapoondoka alitufuata hadi barabarani kuuliza nani atarithi lile bomba la kufunulia mifuniko, kwa sababu vijana wa sasa wanasubiri halmashauri. Hatukuwa na jibu. Inakadiriwa kwamba wakazi 7 kati ya 10 wa jiji hili, au zaidi, wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Dar imekuwa na mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa mji mzima, wa 1949, wa 1968, wa 1979, halafu kimya kirefu hadi ule wa 2016–2036. Bomba lile haliko kwenye mpango hata mmoja.

Jumatano, 6 Novemba. Treni

Tiketi za SGR, treni ya umeme ya reli mpya, daraja la kawaida, Dar hadi Dodoma: 31,000 kwa kichwa. Vijana walitaka yale mabehewa mapya yenye pua kali ambayo watu wameshayabatiza Mchongoko na ambayo yalikuwa yameanza mwezi huohuo. Nikawaonyesha salio. Wakanyamaza.

Pugu, Ruvu, Ngerengere. Morogoro stesheni iko Kihonda, nje ya mji, na wenzetu wanne wa Morogoro walipanda huku wakilalamika kwamba bodaboda ya kuwafikisha stesheni imekula nusu ya nauli ya treni. Hilo nalo likawa mjadala hadi Kilosa: stesheni ijengwe ulipo mji au mji ufuate stesheni? Treni ikaingia handakini, giza likatunyamazisha, tukatoka upande wa pili tukaendelea palepale tulipoishia.

Nilikaa na mzee dirishani. Baada ya Kidete nchi inabadilika rangi, kijani kinaisha, mibuyu inaanza. Akaniambia kwa nini hasa amekuja. Alianzia kazi CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, akiwa kijana kabisa. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulipitishwa 1973 na mamlaka ikaundwa mwaka huohuo. Mpango kabambe wa kwanza, wa 1976, uliandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Ulikuwa mpango wa ajabu kwa wakati wake: mji mkuu usio wa majengo ya kujionyesha, nyumba za chini, mabasi yana njia zake, na mtu wa miguu ndiye wa kwanza kufikiriwa. Mwalimu Nyerere alitaka mji unaofanana na siasa yake.

"Mimi nilipewa kitalu kimoja," mzee akasema. "Nikachora njia ya miguu katikati, kutoka nyumbani hadi shule. Milimita tatu kwenye karatasi ya 1:1000. Mita tatu chini. Sijawahi kwenda kuiona baada ya watu kujenga. Nilihamishwa."

Sijui ni mibuyu au ni uchovu, nami nikamweleza la kwangu. Miaka minne iliyopita, kwenye halmashauri niliyokuwa nafanya kazi, uliletwa mchoro wa marekebisho. Njia ya miguu, mita mbili tu, ilikuwa inamezwa na kiwanja cha jirani. Maelezo yalisema haitumiki. Sikwenda kuangalia. Nikaandika "haina pingamizi" na tarehe.

Nilitegemea aniambie ni kawaida. Akauliza, "Ilikuwa inakwenda wapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Hm," akasema, akageukia dirisha hadi Igandu.

Dodoma tulifika jioni, upepo unabeba vumbi na mifuko. Dereva wa kosta tuliyoikodi alituamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", tukaitikia vibaya, akacheka hadi nyumba ya wageni.

Alhamisi, 7 Novemba. Mtumba, na njia isiyoonekana

Asubuhi tulikwenda Mji wa Serikali, Mtumba, kama kilomita 17 mashariki ya katikati ya mji. Barabara ni pana, taa zimenyooka, majengo ya wizara yamepangwa kama meza za mtihani. Zile ofisi ndogo za awali zilizozinduliwa Aprili 2019 na nyuma yake maghorofa makubwa. Vijana walifurahi, na kwa haki: ni mara chache mpangamiji wa Tanzania kuona mchoro umetii. Mimi nilivaa viatu vibaya. Kutoka jengo moja hadi jingine ni safari, kivuli hakuna, na watu tuliowakuta wanatembea kwa miguu walikuwa mafundi na mama anayeuza maandazi kwenye ndoo. Nilinunua 30. Mwenyekiti alisema nisubiri miti ikue.

Mchana tukarudi mjini kutafuta kitalu cha mzee. Alikuwa na kumbukumbu na kipande cha nakala ya mchoro kilichokunjwa hadi kimetoboka kwenye mikunjo. Alikumbuka upande wa Kikuyu. Lakini mji aliouacha ulikuwa na watu wachache na mashamba ya uwele katikati. Sensa ya 2022 imehesabu Jiji la Dodoma watu 765,179. Tulizunguka mpaka saa kumi na moja. Kila tukiuliza njia ya miguu tulionyeshwa barabara ya lami, kwa nia njema kabisa. Mwishowe kijana wa bodaboda akatuuliza tunatafuta mtu gani. Mzee akasema, "Hatutafuti mtu." Yule kijana akaondoka ametushuku.

Usiku, mlenda na ugali wa mtama, na kuku aliyekataa kuiva. Mzee hakula sana.

Ijumaa, 8 Novemba. Chini ya mwarobaini

Kikao cha ndani kilichukua saa mbili na sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba kipaza sauti kilikoroma na mada ya tatu ilisomwa neno kwa neno kutoka ukutani.

Kazi ilikuwa ya alasiri. Kila mwaka tarehe 8 tunaweka meza mtaani, ushauri bure, yeyote aje na karatasi zake. Safari hii tuliweka meza mbili chini ya mwarobaini karibu na ofisi ya mtaa, viti vya plastiki vya kukodi, maji katoni tatu. Nilidhani watakuja kumi. Nimeandika majina 41, na wengine walirudi nyumbani giza likiingia.

Watu huleta ardhi yao ndani ya mfuko wa rambo. Unafunguliwa fundo moja, ndani kuna mfuko mwingine, ndani yake bahasha ya kaki, ndani yake karatasi. Mzee mmoja alileta hati ya CDA ya miaka 33, imetunzwa vizuri kuliko cheti cha ndoa. CDA ilivunjwa Mei 2017 na ikaelekezwa hati ziwe za miaka 99, lakini yeye hakwenda kubadilisha, akihofia kuwa akiiachia hii ya mkononi asiione tena, wala hiyo mpya. Tulimwandikia kwenye karatasi hatua moja baada ya nyingine, nani wa kumwona, nakala ngapi. Akaomba nigonge muhuri. Nikamwambia chama hakina mamlaka ya kugonga chochote. "Gonga tu mwanangu, roho itulie." Sikugonga. Nilimwandikia namba ya simu ya chama kwa herufi kubwa, akaridhika nusu.

Mama mmoja alikuwa na risiti ya shilingi 150,000 ya urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Kampuni ilikuja, ikapima, ikapanda bikoni, yaani vigingi vya kuonyesha mipaka ya viwanja, ikachukua hela za mtaa mzima na haikuonekana tena. Bikoni yake iko jikoni, kati ya mafiga mawili, na yeye anapika kwa kuikwepa ili isisogee. Alituchorea ilipo kwa kidole kwenye vumbi la meza. Mwenzetu wa Morogoro, mkali wa sheria, alimsaidia kuandika barua ya malalamiko, akamsomea mara mbili, na mama akasahihisha sehemu moja: waliandika amelipa "kwa hiari." "Hiari gani? Walisema asiyelipa atapitiwa na barabara."

Waliotufurahisha ni wanaume wawili waliokuja pamoja wakitaniana, kumbe ni mdai na mdaiwa wa jambo moja. Wote wana barua ya kiwanja kimoja, namba ileile, kitalu kilekile, tarehe tofauti. Walianza kwa kutishiana, wakaitana kwa mjumbe, wakachoka. Sasa wamekubaliana kulima mahindi kwa zamu, mwaka huyu mwaka yule, hadi shauri lao litakapokwisha. "Mwaka huu ni wake," mmoja akasema kwa huzuni, "na mvua inasemekana itakuwa nzuri."

Saa kumi ujumbe ukaingia kwenye kundi: mwenzetu wa Kibaha amefiwa na baba. Chama chetu kinaweza kushindwa kulipa ada ya ukumbi, lakini kwa msiba hakishindwi. Daftari likageuzwa upande wa pili, kalamu ikazunguka chini ya mwarobaini. Yule mama wa bikoni aliuliza kuna nini, akaambiwa, akafungua pindo la kanga akatoa shilingi 1,000. Tulikataa. Akaiweka juu ya daftari na kuondoka. Jumla: 321,000. Ile elfu moja nimeiandika kwenye mstari wake, "jirani, Dodoma."

Wawili waliteuliwa kuwahi treni ya usiku kwenda mazikoni kwa niaba yetu. Bahasha ya safari ikabaki nyembamba.

Jumamosi, 9 Novemba. Mita 1.70

Treni yetu ilikuwa mchana. Saa kumi na mbili asubuhi mzee alinigongea mlango, amevaa kofia, karatasi yake mkononi. Usiku alikuwa amekumbuka kwamba shule aliyoichorea njia ilijengwa, ila upande wa pili wa ilipopangwa. Alikuwa ameishika karatasi kichwa chini tangu Alhamisi.

Tukaenda wawili, na bajaji. Tukashuka kwenye shule, tukageuka tukaipa mgongo, tukatembea. Kati ya ukuta wa matofali ya saruji na ua wa michongoma kulikuwa na uchochoro, ardhi yake imekanyagwa hadi inang'aa. Mzee akasimama. Akatazama karatasi, akatazama uchochoro, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Mlangoni mwa uchochoro kuna genge: meza ya mbao, nyanya zimepangwa mafungu, vitunguu, dagaa kwenye kisado. Mwenye genge akasema karibuni. Mzee akaniambia nishike mwanzo wa futi ya kamba. Nikachuchumaa kwenye ukuta, yeye akavuta hadi michongoma.

"Ngapi?"

"Moja nukta saba sifuri."

Akaenda hadi mwisho wa ukuta, tukapima tena. Mbili tisini. Akatikisa kichwa, akarudi akamuuliza mama ukuta huu nani kaujenga.

"Jirani. Alitaka kufunga kabisa, ana karatasi yake inasema hapa hapana njia. Wanawake tukaja na majiko yetu tukapika hapahapa siku nzima, mafundi wakakosa pa kupita. Akasogea, akasema basi, hiki kipande kiacheni."

"Na meza yako?"

"Mimi saa saba naihamisha, watoto wanatoka. Saa nane nairudisha. Unapima, mzee? Wanataka kupitisha nini?"

"Hapana mama. Naangalia tu."

Nilikumbuka bibi wa kashata, nikainama kwenye daftari. Niliandika 1.70 na 2.90, na chini yake, kabla sijasahau, namba ya faili langu la miaka minne iliyopita, ambayo kumbe nilikuwa naikumbuka muda wote.

Watoto wawili walitoka uchochoroni wanakimbizana, ni Jumamosi, hawaendi shule wala popote. Mmoja aligonga kona ya meza, nyanya zikabingirika. Mzee akainama kuziokota, moja moja, akizifuta vumbi kwa koti, na mwisho akanunua fungu zima alilookota.

Bajaji ikapiga honi. Matumizi ya mwisho ya safari: nyanya, fungu 1, shilingi 1,000. Mzee alisema iandikwe kwa chama. Nimeandika.